Mchunga

Tulifika Mkanyageni umande haujakauka,
mimi na binti yangu Mwanakombo na madumu mawili matupu.
Jina la kijiji lilikuwa onyo:
kila hatua tano, samadi mbichi,
na Mwanakombo, aliyeng'ang'ania kuvaa viatu vya shule,
akaanza kuhesabu alizokanyaga.

Hapa zamani mkonge mtupu, alisema Mhando mwenye ng'ombe,
mistari imenyooka kama daftari la mnyapara.
Babu yake aliukata kwa kipande,
akafa na mwiba kidoleni ambao hakuna aliyeweza kuutoa.
Sasa ni ukoka, na mabingobingo kando ya mtaro,
na ng'ombe kumi na saba wasiojua pumba wala mashudu.
Akang'oa bua, akanipa. "Onja.
Usije ukasema maziwa yangu nayatia sukari."
Nikatafuna. Muwa uliosahau kukua.

Madumu yakajaa, povu likapanda shingoni.
Nikauliza, kama ninavyouliza sokoni Ngamiani,
"Na mchunga, hapa hupatikana?"
Mhando akatia vidole viwili kinywani, akapiga mbinja,
na kutoka nyuma ya majani akaja kijana mrefu,
fimbo begani, kibuyu kiunoni.
"Huyu hapa. Shekue. Unamtakia nini?"

Mwanakombo alicheka mpaka akakaa chini
(samadi ya nane, hiyo kwa makalio).
Neno moja, ngeli mbili.
"Mimi nautaka ule mchungu," nikasema,
na Shekue, bila kucheka:
"Basi hujapotea sana."

Akatupeleka ukingoni mwa lambo.
Mchunga ulikuwa umejilaza, majani membamba yenye meno,
ukilikata bua linatoka utomvu mweupe.
"Nao una maziwa yake," akasema Mwanakombo.
"Ndiyo maana ng'ombe siwapitishi huku," Shekue akamjibu,
kwa upole wa mtu azungumzaye na mtu mzima.

Nyama tuliichukua kwa Mhando,
kilo mbili za ubavu ndani ya jani la mgomba,
mafuta manjano kama kiini cha yai la kienyeji.
"Wa jana. Aliitwa Posa."
Nikiwa nahesabu noti akaongeza, sauti chini:
dume lile Shekue alilifuga miaka mitatu
alipeleke Magoroto kwa wakwe,
na binti akasema hapana.
Hakutoa sababu, wala haikuwa lazima atoe.
Shekue mwenyewe ndiye aliyelishika pembe.

Nyumbani nikauchemsha mchunga, nikamwaga maji ya kwanza, nikakamua.
Ya pili nikayaonja, nikaacha kukamua.
Mama yangu alikamua mara tatu;
mboga yake ilikuwa na adabu,
sijui kama ilikuwa na mchunga.
Tui zito likaja mwisho, na pilipili mbuzi moja, nzima.
Ubavu nikauacha juu ya mkaa
kwa chumvi, tangawizi na ndimu, basi.
Nyama iliyotembea haitaki kuharakishwa.

Mwanakombo alikula kwa mkono mmoja,
majani ameyasukumia pembeni mwa sahani.
"Yule dada wa Magoroto," akauliza,
"saa hizi anakula nini?"
Sikuwa na jibu. Nikamwongezea ugali.

Kibuyu cha Shekue kiko mezani.
Alitutilia mgando wa njiani, akasema tukirudi tukirudishe.
Mgando ulikwisha siku ileile;
kibuyu nimekiosha, nimekifukiza,
na kesho tunakwenda, Mwanakombo kwa ndara safari hii.
Chombo cha mtu hakirudi kitupu.
Nimesimama nacho jikoni tangu alasiri.
Samli anayo. Maziwa, ndiyo kazi yake.
Mchunga wa nazi ningempa, umebaki bakuli zima,
lakini ataona namtania.